Barua Niliyoifungia Kwenye Kabati la Maharage

Maabara, Morogoro
Jumamosi, saa sita mchana

Mwanangu Felista,

Asubuhi ulipopanda pikapu ya Shabani kwenda Kinole kuaga kwa mjomba wako, ulikaa juu ya makreti matupu ya machungwa ukanipungia mkono kama mtu anayekwenda harusini. Gari lilipopinda kona nikashusha pumzi ambayo naona nilikuwa nimeibana miezi miwili. Nafasi yako chuoni ipo. Hati ya kusafiria ipo. Tiketi ya ndege ipo, na mama yako ameishonea ndani ya mfuko wa gauni kana kwamba wezi wote wa Dar es Salaam wameshapelekewa habari. Kesho utashuka na gari la asubuhi, jioni utapanda basi, keshokutwa utakuwa angani unaelekea India. Nimefurahi, Felista. Naliandika neno hilo mapema ili ukifika kwenye mabaya usidhani nililisahau.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume. Hayo mama yako ameyamaliza, na ya wanaume ameyarudia mara tatu huku akinitazama mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nikianza kulizunguka nitaishia kukueleza habari za mvua. Basi lipokee sasa hivi.

Barua yako ya kukubaliwa chuoni haikucheleweshwa na mjomba Gaspari. Niliificha mimi, baba yako, siku ishirini na tatu.

Najua ulivyo ukikasirika. Unasimama, unakwenda mpaka mlangoni, unarudi. Haya, simama, nenda, kisha urudi uendelee kusoma. Sina mpango wa kujitetea. Nataka tu ujue ilivyokuwa, na ili uelewe itabidi nikurudishe humu maabara, ambamo ninakuandikia nikiwa nimekalia kile kigoda kirefu ulichokuwa unakipanda ulipokuwa mdogo.

Unalikumbuka kabati la giza? Ulikuwa darasa la pili. Ukitoka shule unakuja hapa, miguu inaning'inia, unakula karanga nilizokukataza usile kwenye meza yenye dawa. Kabati lilipakwa rangi nyeusi ndani na nyufa zote zikazibwa kwa vitambaa vyeusi. Sisi watu wa mlimani tunapanda maharage ili tuyale, lakini mimi niliajiriwa kuyapanda ili yasione jua. Mama yangu, Mungu amrehemu, alipokuja kunitembelea nilimfungulia mlango kidogo achungulie. Alitazama muda mrefu, akaniuliza, "Yamefanya kosa gani?"

Siku nane gizani maharage yanakuwa marefu, membamba, ya njano hafifu, shingo zimelegea. Hata wewe uliniuliza mbona yaliyofungiwa ndiyo yanarefuka kuliko ya nje, nikakujibu kwa ujuaji kwamba yanautafuta mlango. Siku ya tisa tunayatoa, tunayaweka chini ya taa, na ndani ya saa chache rangi inaanza kugeuka. Tunakata majani kabla ya taa kuwashwa, tunakata saa sita baadaye, saa kumi na mbili, siku nzima, siku mbili. Kila mkato ulitakiwa kutumbukizwa papo hapo kwenye spiriti inayochemka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niseme bila haya kwamba hakuna aliyekuwa anasafisha vioo kunishinda.

Mwenye utafiti alikuwa Dokta Zuhura, binti wa hapahapa mjini, mtoto wa fundi cherehani. Alitaka kujua jani linapogeuka kijani mafuta yake yanatengenezwaje. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mafuta gani tena, Dokta, kwenye jani la maharage? Mimi najua mafuta ya karanga na ya alizeti." Ya tatu, ya nguruwe, nikayameza kabla hayajatoka mdomoni, nikikumbuka kwamba ninaongea na mtu aliyetoka kuswali.

Akacheka. Akachukua chaki. Akaniambia kila kilicho hai kimezungushiwa utando, na utando wenyewe umejengwa kwa mafuta, tabaka mbili nyembamba zilizobanana. Ndani ya jani mna vyumba vidogo vinaitwa viwiti, humo ndimo ukijani unamokaa. Gizani vyumba hivyo ni vitupu, kama nyumba iliyoezekwa lakini haina kitanda wala kiti. Taa ikiwaka, jani linaanza kujaza tando ndani yake, moja juu ya nyingine, kama chapati kwenye sahani. Kwa kila utando linahitaji mafuta mapya, na mafuta ya humo si ya aina ya kwingineko, yana kichwa cha sukari. Akachora mnyororo mrefu wenye vipinda vitatu. "Hii ni asidi ya mafuta," akasema. "Vipinda hivi ndivyo vinavyofanya utando uwe laini. Jani la gizani linazo chache. Likipata mwanga zinaongezeka saa kwa saa, na mimi nataka kuziona zinavyoongezeka."

Na tuliziona kweli. Nilikuwa nasaga majani, nachuja, nadondoshea tone kwenye kioo kilichopakwa unga mweupe, nasimamisha kioo ndani ya mtungi wenye dawa kidogo chini. Dawa inapanda polepole na kuyapandisha mafuta, kila aina inasimama mahali pake. Kisha kioo kinatiwa kwenye mvuke wa aidini na madoa ya kahawia yanajitokeza. Kabla ya mwanga, doa la mafuta ya sukari ni dogo. Baada ya siku mbili ni nono. Wewe ulikuwa unayaita nyayo za paka. Sijui kama unakumbuka, lakini mimi siku ulipojaza fomu kwamba unataka kusomea kemia ya viumbe, nilikumbuka nyayo za paka na nikatoka nje nikajifanya napenga kamasi.

Sasa kosa langu la kwanza.

Enzi zile ulikuwa ukiingia dukani unakuta rafu na muuzaji, basi. Sabuni ilikuwa ya foleni. Dawa za maabara zilitoka ng'ambo na fedha za kigeni hazikuwapo, kwa hiyo chupa ya klorofomu, ile dawa ya kuyatoa mafuta kwenye jani, tuliilinda kama mboni ya jicho. Siku moja ilikuwa zamu ya majani ya saa ishirini na nne. Nikaona niwahi. Nikayakata yote, nikayasaga kabisa kwenye kinu kidogo kabla spiriti haijachemka, nikasema ikichemka namimina tu. Umeme ukakatika. Nikaketi nikasubiri, saa nzima na nusu, sina hofu hata chembe. Felista, mimi nimelelewa na kisamvu. Mama anakitwanga asubuhi, kinakaa kwenye ungo mpaka jioni nazi ikunwe na moto ukolee, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwangu mimi jani lililokatwa na kutwangwa lilikuwa limeshakufa, lina haraka gani?

Umeme uliporudi nikachemsha, nikamalizia kazi. Kwenye daftari, palipotakiwa kuandikwa muda kati ya kukata na kuchemsha, nikaandika: papo hapo.

Vioo vilipotoka, doa la mafuta ya sukari lilikuwa karibu halipo. Juu kabisa ya kioo palikuwa na doa kubwa ambalo hatukuwahi kuliona, la asidi za mafuta zilizong'olewa zikabaki peke yake. Dokta Zuhura alikitazama kioo kile kwa furaha mpaka nikaogopa. Alidhani amegundua kitu. Alidhani maharage yakishapata mwanga siku nzima yanageuka na kuyabomoa mafuta yake yenyewe. Klorofomu ilikuwa imekwisha, hatukuweza kurudia. Akaanza kuandika makala ya kwenda kusoma mbele ya wataalamu wenzake Nairobi.

Nilikaa kimya miezi miwili. Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu niliona ni jambo dogo. Baadaye nilinyamaza kwa sababu lilikuwa kubwa mno. Hapo katikati lazima palikuwa na siku moja ambayo lilikuwa na ukubwa wa kusemeka, lakini sikuiona ikipita. Kila asubuhi alinisalimia, "Habari za nyumbani, Damiani?" nami namjibu nzuri, nikainama kuosha vioo.

Nilimwambia siku alipokuwa anapiga taipu ukurasa wa mwisho. Nilisimama hapo mlangoni na ndoo mkononi. Nikamwambia yote, na kisamvu pia. Aliacha kupiga taipu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema, "Jani ukilikata halifi saa ileile, Damiani. Ukilitwanga ndiyo kabisa. Vimeng'enya vyake vinaachiwa, vinaanza kula tando zake lenyewe. Kila dakika uliyokaa ukisubiri umeme, lilikuwa linajila. Kwenye maharage ndiyo mbaya zaidi." Kisha akatoa karatasi kwenye mashine, akaikunja vizuri. "Ungeniambia siku ileile tungetupa maharage ya siku nane. Sasa nimepoteza miezi miwili, na wewe nadhani umepoteza usingizi."

Nikamjibu ndiyo, nimepoteza. Akasema, "Haya, kalale," akaniruhusu mchana ule niende nyumbani. Hakwenda Nairobi. Dawa zilipopatikana baadaye tulirudia, nikaandika muda kwa sekunde, na doa la sukari likatoka nono kama inavyopasa. Niliona raha ambayo sijawahi kuieleza kwa mtu, nikajiambia kwamba kufichaficha basi.

Ndivyo nilivyojidanganya. Maana barua yako ilipokuja kupitia sanduku la posta la kazini, nilifanya kosa lilelile, tena kwa mtoto wangu.

Unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Nakuandikia unachokijua, lakini sidhani kama umewahi kufikiria kinavyokuwa ukiwa baba. Shamba unapewa na wajomba. Kesi zako zinaamuliwa na wajomba. Mjomba Gaspari alipotangaza kwenye kikao kwamba lile shamba la bondeni, la mdalasini na pilipili manga, ni lako, watu wote walipiga vigelegele na mimi nikapiga makofi, nikiwa nimekaa pembeni kama mgeni mwalikwa. Alikuwa na hoja, nisimnyime. Zamani mali ya Kinole ilikuwa na mnunuzi mmoja na bei moja. Siku hizi wachuuzi wanapanda na malori yao, kila mmoja na bei yake mdomoni, na ukoo ulihitaji mtu anayejua hesabu wa kusimama nao. "Biashara sasa ni huria," alisema, "na sisi tumpate wa kwetu asiyepunjika."

Mimi sikuwa na shamba la kukupa. Nilichokuwa nacho na wewe ni hiki kigoda na zile nyayo za paka. Halafu wiki ileile jina langu likabandikwa kwenye ubao, orodha ya wafanyakazi wanaopunguzwa. Miaka yote hii ya kusafisha vioo, na sasa wanasema chuo lazima kijibane. Ufunguo wa maabara narudisha mwisho wa mwezi.

Siku ya tatu baada ya orodha, barua yako ikafika. Niliifungua, unisamehe na hilo. Nikasoma kwamba wamekukubali na wanakulipia, na kwamba ujibu kabla ya mwisho wa mwezi ule. Ningepaswa kukimbia nyumbani nikipiga kelele. Badala yake nikahesabu: kazi inaondoka, na mtoto anaondoka. Ukienda, ukoo wa mama yako bado una shamba la kukungojea. Mimi nitabaki na nini? Nikafungua kabati la giza, ambalo halijatumika tangu Dokta Zuhura alipostaafu, nikaiweka humo. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, niizoee habari yenyewe kwanza.

Jioni nilirudi nyumbani, ukaniuliza, "Shikamoo, baba. Posta hakuna kitu?" Nikasema, "Marahaba. Hakuna." Siku ishirini na tatu ulikuwa unauliza, na siku ishirini na tatu nikakujibu hivyohivyo. Ulianza kukonda. Mama yako akasema una malaria. Nilikununulia dawa ya malaria, Felista, nikakutazama ukiimeza.

Kilichonitoa humo ni upuuzi tu. Nilikuwa nasafisha maabara ili nikabidhi. Nikafungua kabati. Chini, pembeni mwa bomba linalovuja, pakiti ya mbegu ilichanika zamani na maharage matano au sita yalikuwa yameota. Yalikuwa ya njano, marefu kupita kiasi, yametambaa mpaka kwenye ufa wa mlango. Mojawapo lilikuwa limepita juu ya bahasha yako. Nilichuchumaa pale nikayatazama, nikasikia sauti ya mama yangu kama nilivyoisikia siku ile: yamefanya kosa gani? Nikalia, na nikiwa nalia nikawa nacheka, mzee mzima na fagio. Niliyatoa nikayaweka kwenye kopo hapa dirishani. Kesho yake asubuhi yalikuwa ya kijani.

Lakini hapo hapo uoga ukanirudia kwa mlango mwingine. Tarehe ya kujibu ilikuwa imepita kwa siku nne. Ningekuambiaje? Nikakumbuka desturi: safari ya mbali ya mtoto huanzia kwa mjomba wake, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, yeye ndiye wa kuleta habari. Nikapanda Kinole, nikampa mjomba Gaspari bahasha kwa mikono miwili. Nikasema, "Shemeji, imefika." Sikusema imefika lini.

Kesho yake akashuka. Alivaa lile koti lake la kanisani. Alikuwa na furaha, Felista, nataka ulijue hilo. Pamoja na shamba la bondeni na mipango yake yote, alifurahi. Akakupa bahasha, ukaisoma, uso ukawaka, kisha ukaona muhuri wa posta. Nakumbuka ulivyomgeukia; barua za Kinole nazo hupitia sanduku lile la kazini, ukadhani watu wake ndio walioichukua.

"Mjomba! Umekaa nayo karibu mwezi mzima?"

Alinitazama. Labda ni kitambo cha kufumba na kufumbua tu, lakini aliniona mpaka ndani. Kisha akakugeukia wewe akasema, "Nilikuwa nafikiri, mwanangu."

"Unafikiri nini? Shamba lako?"

Akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika kikombe cha chai. Nilikunywa chai ile.

Mengine unayajua. Tulikimbia kwenye kile kiofisi kipya cha faksi pale mjini, mara tatu, na yule kijana akatuambia karatasi imekwama Bombay, kana kwamba inasafiri kwa miguu. Siku tisa. Jibu lilipokuja kwamba nafasi bado ipo, wewe ulirukaruka barabarani na mimi nikakaa kwenye ngazi. Ulidhani ni uzee. Ilikuwa raha, mwanangu. Nilikuwa nimekukata karibu na shina na bado ulikuwa mzima.

Wiki iliyofuata nilipanda Kinole peke yangu. Nilimkuta mjomba wako uani anakwangua magome ya mdalasini. Nikamwambia ni mimi niliyeificha.

"Nilijua," akasema, hakuinua hata kichwa. "Tangu uliponyamaza na kikombe chako."

"Sasa kwa nini hukusema, shemeji?"

"Niseme nini? Ningesema, angekununia wewe. Mimi nina wapwa kumi na mmoja. Mmoja akininunia nabaki na kumi wa kunichosha. Wewe una huyu tu." Akaligeuza gome akaendelea kukwangua. "Ila amenikatia shikamoo. Hilo limeniuma kidogo, sikufichi."

Nilishuka mlima nikiwa nimejaa aibu mpaka masikioni. Maisha yangu yote nilimwona yule bwana kama mwenye mali anayenikumbusha kila siku kwamba mtoto si wangu. Kumbe alikuwa ananipa mtoto, na alilipia kwa heshima yake mwenyewe. Wala hakulifanya jambo kubwa, alikuwa anakwangua mdalasini tu.

Na wewe uliapa hutampa shikamoo tena, ukashika neno lako. Alipokuja Jumapili ya Pasaka ulipitia mlango wa jikoni. Mama yako ndiye aliyekulazimisha uende leo, na wakati unapanda gari ulimwambia, nilisikia, "Nitaaga nyumba nzima, yeye nitampita." Mama yako hajui ukweli huu. Nitamwambia baada ya kumpa Shabani barua hii, na nadhani leo sitapata chakula cha jioni.

Kuna kitu kimoja cha Dokta Zuhura ambacho sikukielewa enzi zile. Alisema zile asidi za mafuta zinatengenezwa ndani ya viwiti vyenyewe, lakini kwenye maharage jani halizitumii zote palepale. Linazitoa nje. Zinakwenda sehemu nyingine ya seli, huko zinaunganishwa na kupindwa, nyingine zinabaki hukohuko na kujenga huko. Nyingine zinarudi, zinavishwa kichwa cha sukari, na hizo ndizo zinazojaza tando za nyumba ileile zilikotoka. Mimi nikaona ni usumbufu mtupu. Nikamuuliza kwa nini lisifanye kila kitu ndani likamaliza. Akasema, "Hata mimi sijui kwa nini, Damiani. Ninachojua ni kwamba kwenye maharage, za ndani peke yake hazitoshi." Nimelikumbuka wiki hii nikiwa nakusaidia kufunga sanduku. Sikuambii urudi. Nyingine zinabaki hukohuko na kazi yake ni nzuri vilevile. Nakuambia tu kwamba nilikuwa nimeshika mlango, na sasa nimeuachia, na mkono wangu umepumzika.

Usinionee huruma kwa habari ya kazi. Nimeshapatana na mtu wa Gairo ananitaka nimwoteshee miche ya miti ya matunda. Nitaioteshea juani safari hii. Mama yako anasema nitaiosha majani kwa sabuni kama vioo.

Sitaki kukufundisha kitu. Ungekuwa na mwalimu bora wa kusema ukweli ukimchukua mtu yeyote hapo sokoni. Ninachokijua nimekijua kwa kuchelewa mara mbili: lile jambo nililolikalia halikulala kunisubiri. Lilikuwa linakula. La kwanza lilikula miezi miwili ya Dokta Zuhura. La pili lilikula mwili wako, halafu likahamia kwa mjomba wako, ambaye hakuhusika hata kidogo.

Mpango wangu ulikuwa kuificha barua hii sandukuni, chini ya vitenge, ukaisome India. Nilishaikunja. Ungeisoma ukiwa mbali, ungelia, ungenisamehe kwa barua ya wiki tatu, na mimi nisingeyaona macho yako. Kisha nikatazama kopo hapa dirishani, nikajiona nimeketi tena nasubiri umeme urudi.

Kwa hiyo hapana. Shabani amerudi kupakia sukari na mafuta ya taa, saa tisa anapanda tena Kinole. Nampa mkononi, nimemwambia akupe wewe mwenyewe kabla hajashusha kitu kingine chochote. Itakufikia jua lingali juu. Kesho ukishuka nitakuwa stendi, nimesimama mahali ambapo utaniona, na utanitazama utakavyotaka. Hata ukininunia nitakushikia sanduku.

Lakini hayo ni ya kesho. Sasa hivi uko Kinole, na mjomba wako yuko hapo uani anakwangua mdalasini, maana hata siku ya kuagana hajui kukaa bure. Kunja karatasi hizi, Felista. Usiseme lolote juu yangu, yeye anajua. Toka nje, umpe shikamoo yake.

Baba yako,
Damiani